Mwalimu wa Kiingereza Kaenda Mgodini

Lubumbashi, Julai

Mwalimu,

Kazi uliyonituma, ya kukutafutia mwalimu wa Kifaransa, imekuwa rahisi kuliko tulivyodhani. Walimu wa Kifaransa huku wapo wa kuchagua. Ungeniagiza watano ningerudi nao watano, wote wenye vyeti vya chuo cha ualimu cha hapa, ISP, na wengine wangenisindikiza hadi stendi wakiuliza kama hakuna shule nyingine Morogoro au Dodoma. Kinachonifanya nikuandikie kirefu, na umeme umekatika tangu magharibi, ni jambo ambalo hukunituma: mji huu unaotugawia walimu wa Kifaransa unahangaika wenyewe kupata walimu wa Kiingereza, na ukiwapata hawakai.

Njia unaijua. Tunduma, Nakonde, Kapiri Mposhi, Ndola, Chingola, kisha mpaka wa Kasumbalesa. Ni karibu kilomita 2,000 kutoka Dar es Salaam, lakini kwa sehemu kubwa ya safari hujisikii mgeni, maana malori ni ya kwetu na matusi ya madereva ni ya kwetu pia. Foleni ya Kasumbalesa sitaieleza, nisije nikaharibu karatasi. Ukishavuka, kilomita kama 90 zinakufikisha mjini. Saa ulishairudisha nyuma kwa saa moja tangu Nakonde. Julai ni kiangazi chao cha baridi: asubuhi watu wamejifunika makoti mazito, vumbi jekundu limekaa juu ya kila jani, na juu ya mapaa unaona lile bomba refu la moshi na mlima mweusi wa masalia ya shaba ambao umekuwa nembo ya mji.

Sasa kuhusu Kiingereza. Nilikwenda shule moja ya sekondari katika komini ya Kenya. Ndiyo, Mwalimu, hapa Kenya ni jina la komini, na soko lake ni maarufu kuliko mengi mjini. Nilikuwa nimeelekezwa kwa prefe, yaani mkuu wa shule, kwamba anawafahamu vijana wazuri wa Kifaransa. Alinipokea kwa heshima, akaniagizia soda, akasikiliza shida yangu hadi mwisho. Kisha akauliza: “Papa, wewe ni Mtanzania. Basi unajua Anglais?” Nikasema ninajua ya kutosha kujitetea. Akavuta kiti karibu. “Unaweza kuanza Septemba?”

Nilicheka, nikidhani ni utani wa kumkaribisha mgeni. Haukuwa utani. Akanionyesha ratiba iliyobandikwa ukutani: vipindi vya Kiingereza vya madarasa ya juu vilikuwa na viboksi vitupu, na kimoja kilijazwa jina la mwalimu wa jiografia ambaye, kwa maneno ya prefe mwenyewe, “anajikaza.” Ndani ya mwaka mmoja shule ilipoteza walimu wawili wa somo hilo. Mmoja ni mkalimani katika mgodi upande wa Likasi. Wa pili yuko Kasumbalesa, anaandika nyaraka za forodha kwa wakala wa mizigo. Katibu aliyekuwa akipanga mafaili pembeni hakuinua hata kichwa. Alisema tu: “Bote balienda ku mine.”

Ukikaa mjini siku chache unaona jinsi mambo yanavyokwenda. Kampuni zinazochimba shaba na kobalti katika Haut-Katanga na jirani yake Lualaba zina wenyewe kutoka China, Kanada, Australia, Uswisi na kwingineko. Mchina wa idara ya ununuzi hajui Kifaransa, fundi wa Afrika Kusini hajui Kichina, na Mkongo aliyesoma uhandisi chuo kikuu cha hapa amesoma kwa Kifaransa. Lugha inayowakutanisha ni Kiingereza, hata kiwe cha kuungaunga. Vipuri vinatoka Johannesburg, barua zake ni za Kiingereza. Kanuni za usalama kazini, ripoti za maabara, mikataba ya wakandarasi, vyote vinahitaji mtu wa kuvipitisha kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mtu huyo anapatikana wapi? Kwenye chumba cha walimu.

Hapa ndipo ninapoona shida ya mwalimu wa lugha haifanani na ya wenzake. Mwalimu wa historia akitaka kuacha ualimu, lazima kwanza ajifunze kazi nyingine. Mwalimu wa lugha anahama na kazi yake ileile mdomoni. Anamaliza kipindi Ijumaa, Jumatatu yuko ofisini kwa mtu mwingine na hajasomea chochote kipya. Kwa hiyo wanaosema Lubumbashi haina watu wanaojua Kiingereza wanakosea. Inao, na kila mwaka ISP na chuo kikuu wanatoa wengine. Wanapita darasani kwa muda tu, kama abiria wanaosubiri treni.

Na mji huu umekuwa na wasiwasi wa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Reli ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea kusini, kwa Waingereza wa Rhodesia, kabla Wabelgiji hawajaweza kuufikia mji wao wenyewe kwa reli kutoka magharibi. Wazungu wengi wa mwanzo walikuwa Waingereza na watu wa Afrika Kusini, na wafanyakazi wengi wa migodi waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Mamlaka ya Kibelgiji iliogopa Katanga isije ikaponyoka kwa njia ya ulimi. Johannes Fabian, mtaalamu wa anthropolojia aliyefundisha hapa miaka ya 1970, alitoa mwaka 1986 kitabu juu ya Kiswahili na mamlaka ya kikoloni katika Kongo ya Wabelgiji, na hofu hiyo ya upande wa kusini ni sehemu ya hadithi anayoisimulia. Kiswahili ninachokisikia hapa barabarani, kisichofuata sarufi yako hata kidogo, kwa kiasi fulani kililelewa ili Kiingereza kisikae.

Masomo waliachiwa mapadri. Wabenedikti walianza pamoja na mji, Wasalesiani wakafika mwaka uliofuata na kujenga chuo ambacho wenyeji leo wanakiita Imara. Mapadri walikuwa walimu wasioondoka, kwa sababu walikuwa wameweka nadhiri na hawakuwa na familia ya kulisha. Nadhani mfumo mzima ulizoea mwalimu wa namna hiyo, na haujawahi kujifunza namna ya kuishi na mwalimu mwenye kodi ya nyumba.

Uhuru ulipokuja mwaka 1960, nchi nzima ilikuwa na wahitimu wa chuo kikuu Wakongo ambao hawafiki hata 30. Wabelgiji wengi walikimbia ndani ya majuma machache. Katanga ilijitenga tarehe 11 Julai mwaka huohuo, na kwa kuwa utawala wa kiongozi wake Tshombe uliegemea Wabelgiji, huku shule ziliyumba kidogo kuliko kwingine. Umoja wa Mataifa na UNESCO waliajiri walimu kutoka nje, na miongoni mwao walikuwapo Wahaiti wengi, watu weusi wenye elimu waliosema Kifaransa na waliokuwa wakiukimbia utawala wa Duvalier nchini kwao. Wazee wa hapa bado wanawataja. Mmoja aliniambia kwamba mwalimu wa kwanza mweusi kumwona akimkosoa mzungu sarufi ya Kifaransa alikuwa Mhaiti, na kwamba darasa zima halikulala usiku ule.

Baadaye wakaja Wamarekani vijana wa Peace Corps, kuanzia mwaka 1970, wengi wao wakifundisha Kiingereza katika sekondari za Zaire, kama Kongo ilivyokuja kuitwa. Nilikutana na mstaafu mmoja katika komini ya Katuba aliyefundishwa na kijana wa aina hiyo. Kiingereza chake kina lafudhi ya Marekani mpaka leo, ukifumba macho utadhani unasikiliza redio. Alinieleza kwamba kijana yule alikaa miaka miwili, akaondoka, akaja mwingine, akakaa miwili, akaondoka. “Kila aliyekuja alianzia mwanzo,” alisema. “Sisi tulisoma somo la kwanza mara tatu.” Alikuwa hana uchungu wowote. Kwake lilikuwa jambo la kuchekesha.

Kisha mambo yakakatika ghafla, na yalikatikia hapa. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walishambuliwa na kuuawa bwenini mwao. Ubelgiji ikadai uchunguzi wa kimataifa na kusimamisha misaada. Rais Mobutu akajibu kwa kuwafukuza wafanyakazi wa ushirikiano wa Kibelgiji, walimu wakiwamo. Mwaka uliofuata, Septemba 1991, wanajeshi walipora miji, na Peace Corps wakafunga virago moja kwa moja. Fikiria, Mwalimu: ndani ya miezi kama 16 nchi ilipoteza karibu kila mwalimu wa lugha aliyelipwa na mtu mwingine. Na wale waliokuwa wamebaki, walimu wa nyumbani, wakaachiwa kulipwa na wazazi.

Hapo chuo kikuu kilikuwa kimeshazoea kuaga watu. Mageuzi ya mwaka 1971 yaliyounganisha vyuo vya nchi kuwa kimoja yalileta kitivo cha fasihi huku Lubumbashi, na kwa miaka michache mji wa shaba ulikuwa na walimu wa lugha na fasihi ambao miji mingi ya Afrika ingewaonea wivu. V. Y. Mudimbe alikuwa mkuu wa kitivo hicho. Karibu na mwaka 1980 aliondoka kwenda Marekani, akafundisha huko kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 2025. Hakuondoka kwa ajili ya mshahara tu. Siasa ya Mobutu ilikuwa imemkaba. Nakutajia hilo kwa sababu kwetu tunapenda kudhani kwamba mwalimu akiondoka amefuata fedha, na tunamaliza mjadala hapo.

Lakini fedha nayo isemwe. Huku kuna mwalimu anayeitwa “mekanize”, yaani jina lake limeingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali, na yule ambaye jina lake halijaingia. Huyu wa pili anafundisha darasa lilelile, saa zilezile, na anaishi kwa “prime”, fungu linalotokana na wazazi. Anaweza kusubiri miaka. Mwaka 2019 serikali ya Rais Tshisekedi ilifanya shule za msingi za umma kuwa bure, kama katiba ya mwaka 2006 inavyotaka, na watoto wengi mno wakaingia madarasani. Wazazi walishukuru, walimu wa msingi waliona prime ikitoweka kabla mshahara haujafika. Oktoba 2021 waligoma, wakapewa ahadi, na Septemba 2024 wakagoma tena, wengi wakidai dola 500 kwa mwezi. Sekondari bado wazazi wanalipa minervali, yaani ada, kwa hiyo mwalimu wa Kiingereza anategemea kama baba wa mtoto amepata kazi, na baba amepata kazi kama mgodi unaendelea. Mgodi ukistawi, wazazi wanalipa vizuri na mwalimu anaitwa mgodini. Ukidorora, mwalimu anabaki shuleni na hakuna wa kumlipa. Nilipomwonyesha prefe hesabu hiyo kwenye kipande cha karatasi, aliitazama, akasema “njo vile,” akarudi kwenye ratiba yake.

Shule za watu wenye nazo zina njia yao. Lycée ya Kifaransa ya Blaise Pascal ina mtandao wa Ufaransa nyuma yake. Shule binafsi zinazojiita za lugha mbili huleta walimu kutoka Zambia, ambako Kiingereza ni lugha ya shule na safari ya kurudi nyumbani mwisho wa mwezi ni ya basi tu. Nilizungumza na mmoja, mwanamke kutoka Kitwe. Mshahara wake ni mzuri kuliko wa kwao, lakini mwaka huu anarudi. Sababu? Mtoto wake anaanza darasa la kwanza na hataki asome kwa Kifaransa. Hakuna mwajiri aliyemuuliza habari za mtoto alipoajiriwa. Waliuliza cheti.

Nimwelezee na yule aliyebaki, maana ndiye aliyenifundisha zaidi. Ni mama wa makamo, anafundisha Kiingereza katika sekondari ya kanisa huko Katuba, na ameshaitwa na migodi mara nyingi. Nilimkuta Jumamosi akipika bukari, ugali wa huku, kwa samaki wa Kasenga, watoto wa jirani wakiwa wamejaa sebuleni na madaftari. Sebule yake ni kituo cha lugha: jioni wanakuja wachuuzi wa Kasumbalesa, madereva, vijana wanaotafuta kazi migodini, kila mmoja analipa kidogo. Mkuu wake wa shule anajua. Sio tu anajua, amempangia vipindi vyote vya asubuhi ili saa saba awe huru, na kanisa limemsaidia kupata kiwanja. Nikamuuliza kama asingelipwa zaidi mgodini. “Zaidi sana,” akasema. “Lakini kule mkataba wa miezi sita, unaamka saa kumi kungoja basi la kampuni, na siku bei ya kobalti ikishuka wa kwanza kurudishwa nyumbani ni mkalimani.” Alikuwa ameshaona wenzake wakirudi. Shule haikuwapokea wote; nafasi zao zilikuwa zimeshajazwa watu wa kujikaza.

Kwa maoni yangu mkuu yule wa Katuba ameelewa kitu ambacho wizara hazijaelewa, zetu na zao. Hawezi kushindana na mgodi kwa mshahara, hajaribu. Anampa mwalimu ratiba inayomwachia jioni yake, anamlipa siku ileile kila mwezi hata kama ni kidogo, na amemfanya awe mtu wa mahali. Sisemi ni haki. Mama huyo anafanya kazi mbili ili aweze kuifanya moja. Ila miaka inapita na watoto wa Katuba wana mwalimu yuleyule, na somo la kwanza wamelisoma mara moja.

Sasa mtu wako. Nimempata, Mwalimu, na nimemsikiliza akifundisha darasa la watahiniwa wa mwisho: ana sauti, ana utani, na haandiki ubaoni kitu ambacho anaweza kukisema. Ana miaka kama 30, amefundisha Kifaransa miaka minne bila jina lake kuingia kwenye orodha ya serikali. Mume wake ni fundi wa magari. Kiswahili chake kitawachekesha wanafunzi wa kwetu juma la kwanza, na la pili watakuwa wanakiiga. Kuja yuko tayari. Ana masharti, na nimekubali kukufikishia yote.

Anataka barua ya ajira kabla hajaacha kazi, siyo ahadi ya simu. Anataka nyumba, au vyumba viwili, kwa sababu hataki kumwacha mume na mtoto. Anauliza kama mume anaweza kupata kazi. Nimemwambia kuhusu karakana za Msamvu, Morogoro, lakini sikumwahidi. Anaomba ruhusa ya kufundisha watu wazima jioni, na hili ninakusihi ulikubali kwa maandishi, hata bodi ikinung’unika.

Jingine ni gumu zaidi. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022 na amesikia habari za soko la pamoja, akadhani anavuka Tunduma na kuanza kazi. Nilimweleza kwamba kwetu bado anahitaji kibali, kwamba chini ya sheria yetu ya mwaka 2015 ya ajira za wasio raia kibali ni cha miaka miwili, kinaongezwa, lakini jumla yake ina kikomo. Unakumbuka tulivyopoteza Wakenya na Waganda wa Kiingereza wakati wa ukaguzi wa vibali. Alinyamaza, akauliza: “Na mtoto wangu atakuwa darasa la ngapi?” Nilihesabu. Atakuwa la nne, akisoma kwa lugha ambayo hapa hawafundishii, na shule yako itakuwa inatafuta mtu mwingine. Mimi sina jibu la hilo. Wewe unamfahamu yule bwana wa idara ya kazi, muulize kama kuna namna ya kumwombea muda mrefu zaidi akionekana anahitajika, na umuulize sasa, si kibali kikishaisha.

Nitakuwa hapa hadi wiki ijayo. Barua ya ajira itume kwa dereva wa lori la shemeji, anapakia Dar es Salaam Alhamisi. Za kompyuta walimu wa hapa wameshaletewa nyingi na hawaziamini, kwa hiyo igongwe muhuri wa shule. Kwenye mshahara andika shilingi. Dola ameshaahidiwa mara nyingi.

Ni mimi kijana wako.